Fundi Meno na Kona ya Kushukia

Tarehe thelathini ya mwezi huu Fundi Mkuu wa karakana yetu anafunga kisanduku chake cha spana kwa mara ya mwisho kama mtumishi. Amefanya kazi hapa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa mwosha pikipiki, anaondoka akiwa mkuu wa mafundi wote, na hakuna pikipiki hata moja inayopeleka dawa kwenye zahanati za milimani ambayo haikupita mikononi mwake. Ninyi nyote mnamwita Fundi Meno. Mimi namwita kwa jina la nyumbani, ambalo ameniomba nisiliandike hapa, nami nimekubali kwa shingo upande.

Mhariri wa jarida amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi waliokuwepo alipoanza wamekwisha kustaafu, na anayekumbuka ni mimi wa kantini. Niliwapikia watu wa karakana hii mpaka magoti yakakataa. Wakubwa mnaowaona leo wana vitambi, msingi wa vitambi vile niliuweka mimi. Ya pili, mstaafu ni kitinda mimba wangu. Nimeambiwa nimwite "mstaafu", kama inavyoandikwa kwenye taarifa za kikazi, nami nitajitahidi. Lakini huyu nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemfunga mgongoni huku nachochea moto, kwa hiyo nikisahau mnisamehe. Na mtu akisema mama huyu anajisifu, ajue hajakosea.

Mwishoni nitasimulia kazi yake ya mwisho hapa karakanani, ambayo abiria wake nilikuwa mimi, na kilichokuwa kikishindaniwa ni nyumba yangu. Lakini kwanza tujue mstaafu alikotoka.

Aliajiriwa kuosha. Kazi yake ilikuwa ndoo, brashi na sabuni, katika ule uga wa nyuma wenye sakafu inayoteleza, karibu na dirisha la jiko langu. Pikipiki zilirudi kutoka milimani zimevaa matope hata taa hazionekani, naye alizisugua kama mtu anavyomwogesha mtoto, mpaka nyuma ya masikio. Mimi nilikuwa namtazama dirishani huku nakoroga, na moyoni nasema huyu hawezi kubaki kwenye ndoo. Nilimwambia hivyo pia Mzee Oili, aliyekuwa Fundi Mkuu wakati ule, kila alipokuja kuchukua chai. Alikuwa akinijibu kwamba amesikia, mama, na kwamba chai inapoa.

Kuosha ndiko kulikomfungua macho. Pikipiki za njia za tambarare zilinuka vumbi na mafuta tu. Za milimani zilinuka klachi iliyoungua, ile harufu kama ya kamba iliyoangukia jikoni. Na madereva wa milimani walirudi ncha za viatu zimelika, kwa sababu anayesukuma pikipiki huchimba ardhi kwa vidole. Akaanza kuwauliza swali moja, ambalo baadaye mlilizoea ninyi nyote: unashukia wapi?

Dereva wa pikipiki ana majivuno yake. Hakuna anayependa kusema kwamba kuna mahali anashuka akasukuma. Aliyekuwa na majivuno kuliko wote ni yule tuliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio aliapa mbele ya meza nzima ya kantini kwamba yeye hashuki popote, anapanda mpaka mlangoni pa zahanati huku anapiga mluzi. Mstaafu hakubishana naye. Alimwomba tu anyanyue miguu yote miwili ili wenzake waone viatu. Redio alimaliza chai yake siku hiyo kimya kabisa, jambo ambalo halijatokea tena.

Kwa wale wa ofisini ambao hamjawahi kushika grisi, niwaeleze jambo lenyewe, maana mimi nilielezwa mezani kwangu kwa vifuniko vya sufuria. Mwanangu alichukua kifuniko kidogo na kifuniko kikubwa, akavizungushia kamba ya kuanikia nguo. Kidogo ndiyo sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalozungushwa na injini. Kikubwa ndiyo sproketi ya nyuma, iliyofungwa kwenye tairi. Kamba ndiyo cheni. Akaniambia nizungushe kile kidogo nione kikubwa kinavyofuata, polepole lakini kwa nguvu. Ukitaka nguvu ya mlima, unapunguza meno ya mbele au unaongeza ya nyuma. Ukitaka mbio za tambarare, unafanya kinyume chake. Na jino moja la mbele, akasema, lina kazi sawa na kama matatu ya nyuma. Nikamwambia nimeelewa, kumbe ni kama kukoroga sufuria kubwa, mwiko mrefu na mkono usiwe na haraka. Alicheka, akasema si hivyo hasa, lakini niendelee kuelewa hivyo hivyo.

Pikipiki zetu zote zilikuwa zimekuja na meno kumi na tano mbele na arobaini na tano nyuma. Za tambarare hivyo, za milimani hivyo hivyo, kama watoto wa shule walioshonewa sare za kipimo kimoja. Mstaafu alimwomba Mzee Oili ampe pikipiki ya Redio abadilishe sproketi ya mbele tu, atoe ya kumi na tano aweke ya kumi na nne. Mzee Oili alifikiri kikombe kizima cha chai, akakubali. Wiki ile Redio alirudi viatu vikiwa vizima. Akatangaza kila mahali kwamba wazo lilikuwa lake.

Hapo mstaafu akalewa sifa, ambazo nyingi zilitoka kwenye dirisha la jiko. Kama jino moja limesaidia, akawaza, mawili yatasaidia zaidi, na nyuma tukiongeza tisa je? Akafunga kumi na tatu mbele na hamsini na nne nyuma. Redio akakaa, akavuta mafuta kama alivyozoea, na pikipiki ikanyanyua gurudumu la mbele kama mbuzi anayefikia majani ya juu. Siku hiyo Redio alishukia getini, na hakushuka kwa miguu. Hakuumia, isipokuwa suruali.

Alipoizoea akaondoka nayo. Aliporudi alikuwa hana mzaha. Alisema mlimani inapanda, hata ukutani ingepanda, lakini kwenye barabara ndefu ya kabla ya mlima injini ilikuwa inalia kama inachinjwa na punda wanampita. Barafu ya kwenye kisanduku cha chanjo iliyeyuka kabla hajafika, na chanjo ikawa si ya kutumiwa tena. Akina mama waliokuwa wamepanga foleni na watoto wao wakarudi nyumbani. Mstaafu alikuja jikoni kwangu akakaa juu ya gunia la mkaa, akalia mpaka machozi yakachora njia kwenye grisi ya mashavu. Mzee Oili alimfuata huko huko. Hakumfokea. Alimwambia kwamba ameipimia pikipiki kona moja, sasa akaipimie safari nzima. Kisha akaomba chai.

Tangu siku hiyo mstaafu hakufunga sproketi kwa kukisia. Swali la pili likaongezeka: wapi injini inalia bure? Kila dereva alijibu yote mawili, unashukia wapi na wapi inalia bure, halafu mstaafu mwenyewe alipanda pikipiki ile kwenye njia ile ile na mzigo wake. Na hapo kwenye mzigo ndipo alipowakamata. Karatasi inasema kisanduku kimoja cha dawa. Sasa dereva anaporudi utamkuta ana sampuli za maabara, na kiroba cha mkaa cha nyumbani, na kuku wawili wa shemeji, na mara moja, msinibishie, fremu ya mlango. Hakuwasemea kwa wakubwa. Aliwaambia tu wamletee mzigo wa kweli, kwa sababu mlima hausomi karatasi.

Ndipo zikaja zile chupa za rangi ya kucha mnazoziona dirishani pa karakana. Sproketi zikikaa rafuni zinafanana, na kuhesabu meno kila mara kunachosha macho, kwa hiyo alipaka jino moja la kila sproketi. Nyekundu za mlima, nyeupe za tambarare, kijani za njia zenye vyote viwili. Dereva akiona jino lake linang'aa anajua pikipiki ni yake. Rangi hizo zilitoka kwenye meza yangu ya kujipambia na hadi leo sijarudishiwa. Redio alilalamika kwamba mke wake ameuliza ile nyekundu kwenye mkono wa shati imetoka wapi, na kwamba jibu la kuwa imetoka kwenye pikipiki halikupokewa vizuri. Ikabidi mstaafu aende mwenyewe na chupa mkononi kumtetea.

Kuhusu jina la Fundi Meno, wageni wanalichukulia vingine. Wakati fulani alifika mtu getini, shavu limevimba kama ameficha embe, mlinzi akamwelekeza karakanani bila kufikiri. Mstaafu alimkuta ameshakaa kwenye kiti na kufungua mdomo. Alimpakia nyuma ya pikipiki akampeleka kwa daktari, na njiani, maana hawezi kujizuia, akasikiliza injini inavyopanda na watu wawili. Yule mtu alipona. Sproketi ya pikipiki ile ilibadilishwa wiki hiyo hiyo.

Lakini la kujivunia hasa ni ile zahanati ya juu kabisa. Zamani kisanduku cha chanjo kilimaliza safari kichwani mwa mtu, na siku nyingine hakikumaliza. Mstaafu akaifanyia kazi njia ile kipande kwa kipande, na leo kisanduku kinafika na barafu yake. Muuguzi wa kule alishuka mwenyewe mpaka hapa kumwona fundi. Alimkuta amelala chini ya pikipiki, ikabidi aongee na miguu yake. Mimi nilikuwepo na sinia mkononi. Muuguzi aliiambia ile miguu kwamba akina mama wa kule juu siku hizi wanaamini siku ya chanjo ikitajwa. Miguu ilijikunja kidogo. Kisha ikaomba spana namba kumi na saba.

Alipopewa ukuu wa mafundi, Mzee Oili alimkabidhi kiti chake chenye mguu mmoja mbovu, na mguu huo haujatengenezwa mpaka leo kwa heshima yake. Mstaafu si mtu wa kujishusha. Ukimsifu anakubali, na ukisahau kitu anakukumbusha. Hilo alilipata kwangu. Unyoofu wa mkono aliupata kwa baba yake.

Sasa nije kwenye nyumba yangu.

Wanaojua kwangu wanajua kwamba gari linaishia chini, kwenye mashine ya kusaga. Kutoka hapo ni njia ya mawe na kifusi, na katikati yake kuna kona kali inayoinuka ghafla. Kila mwenye pikipiki anamshusha abiria wake hapo, ndiyo maana majirani wanaiita Kona ya Kushukia. Nyumba yangu iko juu yake. Tuliijenga mimi na marehemu mume wangu, yeye kwa useremala na mimi kwa kantini, na mlango wa mbele aliuchonga kwa mkono wake, una maua pembeni ambayo moja lilimshinda likawa kama kabichi. Masika yaliyopita niliugua, na majirani wanne wakanishusha nimekaa kwenye kiti cha mbao kama bibi harusi, huku wa tano akiwaambia wasiniangushe.

Nilipopona, wanangu walikaa kikao. Kifungua mimba wangu, kaka mkubwa wa mstaafu, ana nyumba nzuri mjini na chumba alichokwisha kukipaka rangi kwa ajili yangu. Ni mtoto mwema, sina neno naye. Alisema mama hawezi kukaa mahali ambapo akiugua lazima abebwe kama kabati. Chumba chenyewe nilikwisha kukiona. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nikawaambia siendi. Wakaniambia, kwa heshima zote, kwamba magoti yangu yameshapiga kura.

Mstaafu aliwaacha wote wamalize. Mwisho akamwomba kaka yake jambo moja. Kama pikipiki itaweza kumshusha mama na kumpandisha mpaka mlangoni bila kushuka kwenye ile kona, mama abaki kwake, na yeye akistaafu atakuja kukaa naye. Ikishindwa, mama anahama. Kaka mtu alikubali, kwa sharti kwamba atasimama konani aone kwa macho yake. Anamjua mdogo wake.

Pikipiki ilikuwa ile ya zamani iliyoondolewa kwenye safari za dawa, ambayo uongozi ulikuwa umeamua kumpa mstaafu iwe zawadi ya kuagana. Aliifunga kumi na nne mbele na arobaini na nane nyuma. Kwa kuwa mimi nilikuwa juu na yeye chini, alijaza gunia mchanga mpaka likalingana nami. Uzito wangu aliupata kwa mmoja wa wale wanne wa kiti, ambaye alisema ni mfuko mmoja na nusu wa saruji. Mtu huyo siku hizi namsalimia kwa mbali. Gunia lilipanda kona bila kushuka, mara tatu mfululizo.

Siku ya jaribio ilipofika nikavalishwa helmeti, nikapanda. Kushuka kulikuwa raha tupu. Ikiwa na meno ya namna ile, injini yenyewe inaizuia pikipiki kwenye mteremko na breki zinapumzika. Nilikumbatia kiuno cha mwanangu kwa mkono mmoja, na wa pili nikawapungia majirani. Tukafika zahanati, nikapimwa presha. Halafu nikaomba tupite sokoni, maana sikuwa nimelitia jicho tangu niugue. Nikanunua sukari, mafuta ya kupikia, mche wa sabuni, sufuria mpya na kifuniko chake, na viazi vya wale majirani wanne, hata yule wa saruji. Kikapu kikajaa, nikakiweka mapajani, kati yangu na mgongo wa fundi, tukaanza kupanda.

Kaka mtu alikuwa amesimama konani, mikono nyuma. Tuliingia vizuri. Katikati, pale mawe yanapoinuka, injini ikashusha sauti, ikagugumia, ikazima. Mstaafu akatua miguu yote miwili asiniangushe. Kifungua mimba wangu akaja. Hakucheka wala hakusema kwamba alikwisha kutuambia. Alininyooshea mkono.

"Shuka, mama. Nimekushika."

Nikashuka. Nikakaa juu ya jiwe. Bati la nyumba yangu lilionekana pale juu, karibu kabisa, nikaanza kupanga kichwani vitu ambavyo havitaingia kwenye kile chumba. Kabati la vyombo halitaingia. Meza yangu haitaingia. Mlango wa marehemu ndio kabisa, nani anahama na mlango?

Mstaafu hakuitazama injini. Alikitazama kikapu. Akakiinua kwa mkono mmoja, akakishusha, akakaa chini karibu na miguu yangu. Tangu ile siku ya gunia la mkaa sikuwa nimemwona na uso ule.

"Miaka yote nawaambia madereva waniletee mzigo wa kweli," akasema. "Mama yangu mwenyewe nimempima bila kikapu."

Kaka yake akasema basi dawa ni rahisi, kikapu kiwe kinabaki mashineni, kitapandishwa baadaye. Mstaafu akamgeukia.

"Wewe umewahi kumwona mama bila kikapu?"

Kaka mtu alikitazama kikapu. Ni mtu wa haki, nimemlea mimi. Alikiri kwamba hajawahi. Akatoa nafasi nyingine moja, kabla ya mdogo wake kustaafu, na kikapu kiwemo. Kisha akakibeba hicho kikapu mpaka kwangu, akafika ananyoosha vidole na kuuliza nimenunua mawe. Mimi nilipanda nimemshika mstaafu mkono, napumzika kila hatua chache.

Wiki iliyofuata karakana nzima ilikuwa na maoni, ninyi wenyewe ni mashahidi. Redio, ambaye sasa ana mvi na anawafundisha madereva wapya, alisema iwekwe kumi na tatu mbele, nati moja tu, chai haijapoa umemaliza. Mstaafu alikataa. Sproketi ndogo ya mbele inaikunja cheni mno, na cheni inayokunjwa sana inajila yenyewe. Pikipiki hii, akasema, haitakuwa na karakana nyuma yake. Itakuwa na yeye na mama yake tu, na lazima idumu. Akaacha kumi na nne mbele, akafunga hamsini na moja nyuma, akaongeza pingili za cheni ili ifike.

Likabaki la mbuzi. Nguvu imeongezeka, mimi nimekaa nyuma kabisa, kikapu nacho kiko nyuma, na kona imeinuka, hapo gurudumu la mbele lazima litafute majani ya juu. Redio alimkumbusha hilo kwa kujishika suruali. Mstaafu aliizunguka pikipiki huku anauma kucha, akaenda stoo, akarudi na vyuma vya ile rafu yangu ya zamani ya kantini, niliyokuwa napangia sinia. Alivikata, akavichomelea mbele, juu ya taa, vikawa kiti cha kikapu. Sasa kikapu kilekile kilichotushinda ndicho kitakachoshikilia gurudumu la mbele chini. Alipomaliza akachukua chupa mpya ya rangi ya kucha, ya zambarau, akapaka jino moja. Hakuna dereva mwingine mwenye zambarau katika karakana yote. Ni ya mama yake peke yake.

Siku ya pili ya jaribio sikununua kwa huruma. Viazi, mafuta, unga, sabuni, na kaka mtu mwenyewe, aliyetufuata mpaka sokoni, akaongeza tikiti maji kubwa la kubebwa kifuani, akaliweka juu ya kikapu taratibu huku anamtazama mdogo wake. Mstaafu hakulitoa. Alilifunga kwa mpira. Kaka mtu akatangulia konani, na Redio naye akaja kusimama huko, kwa maelezo kwamba alikuwa anapita tu. Kwenye njia ile hakuna mtu anayepita tu.

Tuliingia konani kwa gia ya kwanza. Sikuona kitu, nilikuwa nimefumba macho na shavu langu liko mgongoni mwa mwanangu. Nilisikia tu. Injini ilishusha sauti kama mara ile, na mimi nikakaza mikono. Halafu sauti ikatulia hapo hapo iliposhukia, haikuzidi kushuka, ikawa nzito na ya subira, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani, anajua hana haraka na hamwagi. Mawe yakawa yanapita chini yetu moja moja. Gurudumu la mbele lilikaa chini na tikiti lake. Nilipofumbua macho, kifungua mimba wangu alikuwa pembeni yangu, kisha akawa nyuma yangu, nikamwambia chai iko kwenye chupa, atufuate.

Tukafika uani. Mstaafu akazima injini. Hakugeuka. Akauliza kwa sauti ile ile ninayoijua tangu dirisha la jiko.

"Mama, umeshukia wapi?"

Nikatua mguu wa kwanza, nikatua wa pili, nikaushika ule mlango wenye ua kama kabichi.

"Mlangoni kwangu."

Kaka mtu alifika baadaye kwa miguu, anahema, Redio nyuma yake anasimulia jambo ambalo wote tulikuwa tumeliona. Hakuzungumzia kuhama. Alikula tikiti, akasema kile chumba cha mjini kitafaa kwa wageni, akauliza kama pikipiki ingeweza kumshusha na yeye. Mstaafu akamuuliza kwanza uzito wake wa kweli.

Basi huyo ndiye mnayemuaga. Kwa niaba yake nawashukuru uongozi mliomwamini mwosha pikipiki, mafundi mliovumilia masahihisho yake, na madereva mlionyanyua miguu mkaonyesha viatu. Chupa za rangi ya kucha ameziacha dirishani, isipokuwa moja. Anayemrithi ameonyeshwa ipi ni ya nini, na amekalia kile kiti kibovu bila kuanguka, dalili nzuri.

Nawe mwanangu, maana hapa mwisho nitakuita hivyo na mhariri akipenda akate: kazi uliyoifanya imepanda milima mingi ambayo miguu yangu haitaiona. Karakana nzima inakuombea afya, usingizi wa asubuhi, cheni isiyolegea na miaka mingi ya kukaa bila kuulizwa uko wapi. Mimi nitakuwa nakupikia.

Siku ya sherehe nitakuwepo. Mtatusikia kabla ya kutuona. Nitakuja nimekaa kiti cha nyuma na kikapu kikiwa mbele, na asiniulize mtu nimebeba nini. Muulizeni fundi. Ameshakipima.